Mochari ya umma, ya hospitali au ya binafsi? Ulinganisho kwa familia iliyofiwa Nairobi

Mtu akifariki Nairobi, swali la kwanza kwenye kundi la WhatsApp la familia huwa "mwili umepelekwa mochari gani?" Mimi ningetanguliza mengine mawili: tunazika wapi, na lini? Majibu ya hayo mawili ndiyo huamua mochari, gari, jeneza na karibu kila shilingi itakayotoka kwenye mchango. Nimekaa kwenye kamati za mazishi za kutosha kuona jinsi mambo yanavyokwenda kinyume: mochari huchaguliwa kwa jina, tarehe ikasogezwa kila anayesafiri anapopiga simu, na asubuhi ya kuuchukua mwili ndipo mweka hazina anakabidhiwa bili.

Waswahili husema maiti haulizwi sanda. Wanaoulizwa ni waliobaki, tena huulizwa saa ambayo hakuna mwenye akili ya kulinganisha bei. Ulinganisho huu ni wa kusomwa mapema, au wa kumtumia yule mmoja wa ukoo ambaye kila msiba ukitokea, yeye ndiye huambiwa "shughulikia mambo ya mochari".

Kwanza, nani ana neno la mwisho?

Kabla ya bei yoyote, familia ikubaliane ni nani atatia sahihi. Mochari itamtambua mtu aliyeleta mwili na kuandika jina lake kwenye daftari, na mara nyingi huyo ndiye atakayedaiwa na ndiye atakayeruhusiwa kuutoa. Binamu aliyekuwa na gari usiku huo anaweza kujikuta ndiye mwenye mamlaka kwenye karatasi, ilhali mjane yuko nyumbani.

Wakenya wa umri fulani hawajasahau kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani na mwili ukakaa City Mortuary hadi Mei 1987, siku zaidi ya 150, kabla ya kuzikwa Nyalgunga tarehe 23. Huo ni mfano uliokithiri, lakini toleo lake dogo hutokea kila wiki: siku nne za mjadala wa boma la mke wa kwanza au la pili, na kila usiku unaandikwa kwenye bili.

Aina za mochari, ana kwa ana

Ya umma inayojulikana zaidi ni Nairobi Funeral Home, ambayo wengi bado tunaiita City Mortuary kwa mazoea, pale Barabara ya Ngong karibu na mzunguko wa Mbagathi. Ni ya serikali ya kaunti. Aliyekufa kwa ajali ya barabarani, kwa kuuawa, au ghafla bila maelezo, kwa kawaida polisi watampeleka huko, na hukuulizwa. Bei yake ya siku ni ya chini, wahudumu wamezoea kesi za polisi, na mafundi wa majeneza wako hatua chache kutoka langoni. Kwa upande mwingine, ndiko pia inakopelekwa miili isiyotambuliwa, kwa hiyo msongamano hauishi. Mzee mwenye shinikizo la damu anayetaka kumwona mwanawe kwa utulivu, mwandae kabla hajaingia.

Mochari za hospitali ni za aina nyingi. Ile ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ni kubwa na ya umma. Kuna za hospitali za kaunti, na kuna za hospitali za binafsi ambazo huwa vyumba vidogo vya kuhifadhi mwili siku chache tu. Ubora wake ni kwamba mwili hausafirishwi mara mbili, na karatasi ya taarifa ya kifo hutoka jengo hilohilo. Ubaya wake ni kwamba bili mbili zinashikana: ya matibabu na ya mochari. Mahakama Kuu imeamua zaidi ya mara moja kwamba maiti si mali ya kushikiliwa kama dhamana ya deni, lakini mlangoni hali huwa tofauti, na familia nyingi huishia kuandikiana makubaliano ya kulipa kidogo kidogo. Wakati mnajadiliana, ada ya siku inaendelea kuhesabiwa. Ndiyo maana nashauri kikao cha bili ya matibabu kifanyike siku ya kwanza au ya pili, kabla kamati haijaanza hata kuzungumzia hema na chakula.

Kati ya umma na binafsi kuna za vyuo vikuu: Chiromo, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta huko upande wa Kahawa. Watu huzisahau. Anayeishi Thika Road au Kiambu na anayezika upande wa Mlima Kenya ataona ya Kahawa iko njiani, na kuikwepa Nairobi ya asubuhi ni nafuu ya pekee kwa msafara wa magari kumi.

Za binafsi, jina linalotajwa kwanza ni Lee Funeral Home, jirani na Nairobi Hospital. Huko ndiko mwili wa Rais mstaafu Moi ulikohifadhiwa Februari 2020, na wa Kibaki Aprili 2022. Sifa za aina hii ni utulivu, maegesho, kanisa dogo la ibada, na mhudumu anayekuita kwa jina. Bei yake inajulikana kuwa ya juu. Lakini tusichukulie kwamba kila ya binafsi ni Lee: kuna zilizofunguliwa mitaani na miji ya karibu ambazo zinashindana kwa bei, na ubora wake hutofautiana sana kutoka moja hadi nyingine. Hizo usizichague kwa simu. Nenda, simama pale mapokezi dakika kumi, ukiweza uombe uone chumba cha kuvisha. Sakafu na harufu vitakueleza mengi kuliko picha za mtandaoni.

| | Umma (kaunti) | Hospitali | Binafsi |
|---|---|---|---|
| Ada ya siku | Ya chini | Ya chini hadi ya kati | Ya kati hadi ya juu sana |
| Dawa, kuosha, kuvisha | Mara nyingi hulipwa kando | Hutegemea. Uliza | Mara nyingi ndani ya kifurushi |
| Kesi ya polisi, upasuaji wa maiti kujua chanzo cha kifo | Wamezoea | Hospitali kubwa, ndiyo | Huwezekana. Daktari huja hapo |
| Mahali pa kuagia | Finyu | Finyu au hakuna | Pazuri |
| Kinachopandisha bili | Vitu vidogovidogo langoni | Deni la matibabu | Siku zinazozidi |
| Inafaa zaidi | Mazishi ya mapema | Aliyefia hapohapo | Kusubiri wa ng'ambo, ibada ya Nairobi |

Bei ya siku si bei

Hapa ndipo familia nyingi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tuchukue mfano wa tarakimu za kuonyesha hesabu tu. Mochari ya kwanza inatoza shilingi 1,000 kwa siku. Dawa ya kuhifadhi mwili ni 10,000 kando, kuosha na kuvisha 3,000, na matumizi ya chumba cha ibada 5,000. Ya pili inatoza 2,500 kwa siku, na hayo yote yamo ndani.

Ukizika baada ya siku 4, ya kwanza itakugharimu 22,000 na ya pili 10,000. Ukizika baada ya siku 14, ya kwanza ni 32,000 na ya pili 35,000. Siku ya 12 ndipo zinapolingana, kila moja 30,000. Yaani ile iliyoonekana ghali mara mbili na nusu ndiyo nafuu kwa mwenye haraka, na ile "rahisi" haianzi kuwa rahisi hadi karibu wiki ya pili iishe. Nimewahi kuona kamati nzima ikimpongeza mtu aliyepata mochari ya bei ya chini, na hakuna aliyemuuliza jumla.

Kwa hiyo usiulize "ni pesa ngapi kwa siku?" Uliza hivi: "Mwili umeingia leo Jumanne jioni, tutauchukua Ijumaa ya wiki ijayo asubuhi, umevishwa, uko kwenye jeneza. Nitalipa jumla ngapi?" Kisha waambie waandike. Na uulize siku inahesabiwaje: je, mwili ulioingia saa tano usiku umeshakula siku moja? Je, Ijumaa ya kuondoka inahesabiwa?

Walio Uingereza na Marekani wana msaada wa sheria katika hili. Uingereza, tangu Septemba 2021, kila kampuni ya mazishi inapaswa kuonyesha orodha ya bei ya muundo mmoja, ofisini na kwenye tovuti. Marekani, kanuni ya mazishi ya mwaka 1984 inamlazimu mwenye kampuni kukutajia bei hata kwa simu, na kukuruhusu kununua kitu kimojakimoja bila kulazimishwa kifurushi. Nairobi karatasi hiyo lazima uidai mwenyewe. Anayekataa kuiandika amekujibu.

Karatasi zinazoweza kukuchelewesha

Nitapita haraka, maana hapa hakuna la kuchagua ila mpangilio. Aliyefia hospitalini huandikiwa taarifa ya kifo na hospitali; aliyefia nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, na mochari nyingi za mjini zitataka pia taarifa ya polisi kabla ya kumpokea. Kwa taarifa hiyo ndipo hupatikana kibali cha mazishi. Kitambulisho halisi cha marehemu hutakiwa, kwa hiyo kitafutwe siku ya kwanza, pamoja na nakala kadhaa, kabla watu hawajaanza kupanga vitu vyake. Cheti cha kifo chenyewe hufuata baadaye. Hakihitajiki ili kuzika.

Kama ni kesi ya polisi, tarehe ya mazishi isitangazwe hadi upasuaji ufanyike. Daktari ana foleni yake, na afisa anayechunguza lazima awepo. Hapa mochari ya umma na hospitali kubwa zina nguvu kuliko za binafsi, kwa sababu daktari na polisi huwa pale pale siku nyingi. Familia inayotaka kuuhamishia mwili kwenye mochari ya binafsi inaweza kufanya hivyo, ila nashauri ihamishe baada ya upasuaji.

Gari: swali la kilomita tatu za mwisho

Wengi hawaziki Nairobi. Kutoka jijini hadi Kisumu ni kama kilomita 350, hadi Mombasa kama 480, hadi Nyeri kama 150. Bei ya gari la maiti hujumuisha kurudi likiwa tupu, hata kama hilo halikutajwa.

Machaguo makubwa ni matatu. Gari dogo la maiti lenye viti vichache: lina kasi, na linaingia njia nyembamba. Basi lenye sehemu ya jeneza chini au nyuma: linabeba waombolezaji wote pamoja, na kwa familia yenye watu arobaini wanaokwenda Busia mara nyingi ndilo nafuu, kwa kuwa unalipia gari moja badala ya mawili. Na ndege hadi Kisumu au Eldoret, ambayo humfaa anayezika karibu na uwanja na ambaye waombolezaji wake wengi wako tayari nyumbani. Kumbuka tu kwamba bado utakodi gari la pili la kuutoa mwili uwanjani.

Kinachosahaulika ni barabara ya nyumbani. Dereva mmoja alimwambia mama aliyekuwa anajadiliana naye langoni, kwa heshima zote: "Mama, bei yangu ni mpaka lami inapoishia. Huko ndani tutaongea." Kuongea huko hufanyika saa kumi na mbili jioni, mvua inanyesha, wazee wamesimama kando ya barabara na jeneza limo garini. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kujadiliana bei. Mweleze dereva boma lilipo, kivuko kilipo, udongo ni mweusi au mwekundu, na bei iwe ni hadi mlangoni. Muulize pia mafuta ni ya nani, malazi yake ni ya nani, na kama anakuja na mashine ya kushushia jeneza au hiyo ni kodi nyingine.

Siku nazo zina bei. Nyanza na Magharibi, mwili hufika nyumbani siku moja kabla, watu wanakesha, na mazishi huwa Jumamosi. Ndiyo maana Alhamisi na Ijumaa magari hugombaniwa. Mlima Kenya wengi huzika siku za kazi, mwili ukitoka mochari asubuhi na kuzikwa mchana huohuo. Familia ya Magharibi inayokubali kuzika Jumatano hupata gari zuri kwa bei ya kuzungumzika. Si rahisi kuwashawishi wazee, najua.

Chaguo ambalo kamati huliruka: kuhamisha mapema

Kama mazishi ni Kakamega na yatakuwa baada ya siku kumi, kwa nini mwili ukae Nairobi siku zote kumi? Unaweza kusafirishwa siku ya pili au ya tatu hadi mochari ya hospitali iliyo karibu na nyumbani, na kuchukuliwa pale siku ya mkesha kwa gari la kukodi la hapohapo. Ada za siku huko aghalabu ni nafuu, gari la Nairobi hukodiwa siku ambayo hakuna msongamano, na siku ya mazishi haianzi saa tisa usiku. Wazee wa nyumbani pia wanaweza kuuona mwili kwa wakati wao.

Gharama yake ni ya kijamii. Wafanyakazi wenzake, kanisa la Nairobi na majirani wa mtaani hawatapata kumuaga kwa kumwona. Wengine hulitatua kwa ibada ya kumbukumbu yenye picha kubwa, bila mwili. Kama marehemu aliishi Nairobi miaka thelathini na marafiki zake wote wako huko, nisingefanya hivyo. Angekuwa mama mzee aliyekuja mjini kwa matibabu tu, ningehamisha mwili kesho yake.

Jeneza na nguo

Kuna sehemu tatu za kununua: chumba cha maonyesho cha mochari yenyewe, mafundi wa kandokando ya Barabara ya Ngong na kwingineko mjini, au seremala wa kijijini. La maonyesho ni ghali lakini unaliona, na likiwa na kasoro unajua wa kumrudia. La fundi wa barabarani lina bei ya kuzungumza, na fundi mzuri atakuuliza urefu na upana wa mabega kabla ya kutaja pesa. Asiyeuliza vipimo anauza alichonacho. La seremala wa nyumbani huokoa pesa za usafiri, ila mwili utasafiria nini kutoka Nairobi? Hapo ndipo hesabu hiyo huharibika, isipokuwa kama mlihamisha mwili mapema.

Kagua kitako kabla ya kukagua rangi. Majeneza mengi ya kung'aa hutengenezwa kwa ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ule wanaouita MDF. Ni mzuri kwa macho, na kwa mazishi ya kiangazi Machakos hauna shida. Lakini ukinyeshewa usiku kucha kwenye mkesha wa Vihiga huvimba, na kitako kikaanza kubonyea mikononi mwa vijana wanaobeba. Msimu wa mvua, jeneza la kawaida la msaiprasi lenye misumari ya kutosha na vishikio vilivyopita hadi ndani linashinda la urembo. Bonyeza kitako kwa goti. Fundi hatakasirika.

Nguo nazo: peleka siku moja kabla, siyo asubuhi ya safari. Ulizeni kama koti litakatwa mgongoni ili kuvisha kuwe rahisi. Mara nyingi hukatwa, na ni afadhali binti mkubwa ajue mapema kuliko alione. Halafu, kabla kifuniko hakijafungwa, watu wawili wanaomjua marehemu vizuri wamtazame usoni na kusoma jina kwenye kibandiko cha mkononi au mguuni. Haijalishi mochari ni ya shilingi ngapi. Miili imewahi kubadilishana katika mochari za kila daraja, na kosa hilo likigunduliwa Siaya, saa nane za barabara ziko nyuma yenu.

Kifurushi au kimojakimoja?

Kampuni za mazishi zitakupa yote pamoja: mochari, jeneza, gari, hema, viti, vipaza sauti, kijitabu cha ibada, hata maua. Ubora wa kifurushi ni simu moja na mtu mmoja wa kulaumu. Kwa familia ndogo, au mjane ambaye ndugu wote wako mbali, kinastahili pesa zake.

Kwa familia kubwa naona ni kupoteza. Binamu ana rafiki mwenye hema huko nyumbani. Kanisa lina vipaza sauti. Mpwa anajua kupanga kijitabu kwenye kompyuta na kukichapisha River Road kwa bei ya jumla. Vitu vya mazishi vinavyopatikana kijijini visisafirishwe kutoka Nairobi. Viwili ningeviacha kwa watu wa kazi hiyo daima: kuhifadhi mwili, na gari.

Kama marehemu alikuwa na bima ya mazishi, au chama chake kina mfuko wa msiba, ulizeni siku hiyohiyo wanataka karatasi gani na pesa hutoka baada ya muda gani. Bima nyingine hulipa familia moja kwa moja, nyingine hulipa kampuni iliyo kwenye orodha yake, na hapo chaguo lenu la mochari limeshapunguzwa.

Mawakala wa langoni wanahitaji aya yao. Mtafika na mtasikia: "Pole sana mzee. Mwili ni wa mama ama wa baba? Gari liko, sanduku liko, usisumbuke." Baadhi yao ni madereva halisi wanaotafuta kazi. Wengine hawana gari wala jeneza, wana simu tu, na bei yao ina watu watatu ndani. Mjibu asante, chukua nambari, na uombe kuliona gari lenyewe.

Wasiozika nyumbani, na wanaozika leo

Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa tangu miaka ya 1990, ingawa mazishi hayajakoma pale. Anayetaka kuzika Nairobi aulize kuhusu kaburi kabla ya kuuliza kuhusu mochari. Kuchoma mwili bado hutazamwa kwa jicho la pembeni na wengi, lakini si jambo geni tena: Wangari Maathai, mshindi wa Nobel, alichomwa Kariokor mwaka 2011, kwenye jeneza la mianzi, mafunjo na magugumaji kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, mwanasiasa Kenneth Matiba alichomwa Lang'ata mwaka 2018, na Bob Collymore, bosi wa Safaricom, Kariokor mwaka 2019. Kwa gharama, hakuna kinachoikaribia: hakuna safari, hakuna kaburi, na siku za mochari ni chache. Lakini hili ni la marehemu mwenyewe kulisema akiwa hai, tena kwa maandishi. Asipolisema, mtu mmoja asilipendekeze kwenye kikao kwa hoja ya pesa.

Waislamu wana njia yao fupi, na karibu ulinganisho huu wote hauwahusu. Msikiti una jeneza lake la kubebea, waoshaji wapo, sanda inapatikana, na mtu huzikwa siku hiyohiyo au kesho yake. Kwao la kuhangaikia ni kibali tu, na daktari wa upasuaji kama polisi wameingia.

Ningechagua nini

Mazishi ndani ya siku nne au tano, marehemu amefia hospitali ya umma, hakuna kesi: ningemwacha hapohapo, nikodi gari mwenyewe, ninunue jeneza kwa fundi.

Kuna mtoto Houston au Doha ambaye viza au likizo yake itachukua wiki mbili: ningetafuta ya binafsi ya bei ya kati au ya chuo kikuu, nipatane bei ya jumla ya siku 14, na niandikiwe siku ya 15 itagharimu kiasi gani. Ningemwambia pia mtoto huyo, kabla hajanunua tiketi, kila siku yake ni shilingi ngapi. Wengine wakisikia hesabu hiyo husema wazike tu, watakuja kaburini Desemba.

Kesi ya polisi: City Mortuary au hospitali kubwa hadi upasuaji uishe, halafu familia iamue.

Mtu mashuhuri, ibada kubwa ya Nairobi, magari mengi: ya binafsi, na ulipie maegesho na kanisa bila kinyongo.

Kuhusu malipo, vyovyote mtakavyochagua: amana ndogo kwa gari, kwa nambari ya kampuni, si ya dereva, risiti ya mochari yenye jina la marehemu na tarehe za kuingia na kutoka, salio la gari likalipwe bomani, jeneza likishateremshwa. Yule anayeshika pesa za salio asafiri ndani ya gari hilohilo, na simu yake iwe na chaji.